Kolwezi inastahili bia yake ya dhahabu

Kwenye nganda, yaani baa, za Kolwezi, iwe komini ya Dilala au ya Manika, swali la kwanza la mhudumu huwa fupi: "Papa, nilete Simba ao Tembo?" Simba ni ya njano, Tembo ni ya kahawia. Chupa ni kubwa, bilauri ni ndogo, na mazungumzo kuhusu bia yenyewe huishia hapo. Anayejibu kwamba zote sawa, mradi iwe ya baridi, hajavunja mila yoyote. Bia imeagizwa ili siku ya kazi ifungwe. Nani ana haja ya kuinusa?

Haja hiyo ipo. Mji huu unastahili bia ya tatu: eli nyepesi ya rangi ya dhahabu, inayopikwa na kiwanda kidogo hapo hapo mjini na kunywewa kabla haijazeeka. Isipikwe kwa ajili ya wageni wa migodini wanaoikumbuka ya kwao. Hao wana mizigo yao ya ndege. Ipikwe kwa sababu hali ya hewa ya mkoa wa Lualaba, umeme wake wa kusuasua na ndimi za wenyeji zilizolelewa na munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliochachuka, vinaikubali bia ya namna hiyo kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza haki itendeke kwa hizo mbili zinazotawala. Simba na Tembo hutoka Lubumbashi, kwenye kiwanda cha Brasimba, ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1920, mji huo ulipokuwa ukiitwa Élisabethville na kampuni ya Union Minière ilipokuwa ikikusanya vibarua kutoka kila upande kuja kuchimba shaba. Leo kiwanda hicho kimo mikononi mwa kundi la Castel la Ufaransa. Tembo hasa ni bia ya kuheshimiwa: ina utamu wa kimea kilichokaangwa, na ukiiacha ipoteze baridi kidogo inazidi kunoga. Lakini kila kreti inayofika Kolwezi imesafiri karibu kilomita 300 kupitia Likasi, kwenye barabara moja na malori ya shaba na kobalti. Barabara ikiziba, nganda nazo huanza kuhesabu kreti zilizobaki. Mji ulioanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière umezoea hivyo tangu zamani: utajiri unatoka, vinywaji vinaingia.

Sasa hiyo eli ni kitu gani? Tofauti yake na laga, ambayo ndiyo ukoo wa Simba, Primus na karibu kila bia ya njano Afrika Mashariki, imo kwenye hamira. Hamira ya laga hufanya kazi polepole katika baridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri ili itulie. Hamira ya eli hupenda joto la chumba, nyuzi 18 hadi 20, huchachua kwa siku chache tu, na bia huweza kunywewa baada ya wiki mbili au tatu. Laga hutoka ikiwa safi, kavu, isiyo na maneno mengi. Eli huacha harufu ya matunda, kwa sababu katika joto lile hamira hutengeneza manukato yake yenyewe.

Rangi haisemi lolote kuhusu ukoo. Bia angavu ya njano iliyoiteka dunia ilizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, Bohemia, mikononi mwa mpishi Mbavaria aitwaye Josef Groll, na hiyo ilikuwa laga. Eli nyingi za Uingereza zilibaki za kahawia kwa muda mrefu baada ya hapo, hadi miaka ya 1980 viwanda vidogo vilipochoka kuona vijana wakizikimbia. Exmoor Gold ilitokea mwaka 1986, Summer Lightning ya Hop Back ikafuata kabla muongo haujaisha: bia zenye wepesi wa laga machoni na ladha ya eli kinywani. Hawakuongeza kitu cha ajabu. Waliacha kimea cheusi, wakatumia kile cheupe peke yake, wakaongeza maua ya hopsi yenye harufu nzuri. Wengi waliowafuata wakashusha na kilevi hadi asilimia 4 hivi. Mzee wa baa hakukasirika, na kijana alirudi.

Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai, kiangazi kinapokolea, watu huvaa makoti usiku na asubuhi hupuliza viganja. Ndani ya nyumba za matofali zilizojengwa enzi za Union Minière na mrithi wake Gécamines, zenye kuta nene, joto la chumba huwa karibu lile lile ambalo hamira ya eli inalipenda. Hata Oktoba, jua linapochoma kabla ya mvua, kazi ya mashine ya kupoza ni kushusha nyuzi chache. Mpishi wa laga hana bahati hiyo. Yeye anahitaji baridi kali kwa wiki kadhaa bila kukatika, na katika mitaa ya Kolwezi maneno "bila kukatika" huwachekesha watu.

Kichekesho hicho kina uchungu wake. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme wa Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700 kutoka Mto Kongo hadi kwenye migodi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mrefu kuliko yote ya aina yake duniani. Umepita juu ya vijiji na miji bila kuviachia hata taa moja, kwa kuwa umeme wa mkondo mnyoofu hauchopolewi njiani kirahisi. Ukifika Kolwezi hugeuzwa na kupelekwa kwanza kwenye mitambo. Kuna pia bwawa la Nzilo, karibu na mji, kwenye Mto Lualaba wenyewe, lililojengwa miaka ya 1950 kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye friji mtaani hubaki na jenereta. Kwa hiyo, kwa mtu anayetaka kupika bia hapa bila mtaji wa kampuni ya Kifaransa, eli ndiyo njia inayopitika.

Mwinuko huo una deni lake pia. Mahali pa juu kiasi hiki, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ni nyuzi tano tu, lakini uchungu wa hopsi hutolewa na mchemko, na ukipungua joto uchungu nao hupungua. Anayechukua kipimo kutoka kitabu cha Ulaya na kukifuata neno kwa neno atapata bia tamu iliyolegea. Dawa yake ni kuchemsha kwa muda mrefu zaidi, au kuongeza maua. Mama yeyote wa Kolwezi aliyewahi kupika maharage anaijua hesabu hiyo.

Tuje kwenye kuonja, maana hapo ndipo watu wengi hudhani pana ulaghai wa matajiri. Bilauri iwe safi, isiyo na mafuta, na isitoke kwenye barafu. Bia imiminwe bilauri ikiwa imeinamishwa, kisha isimamishwe mwishoni ili povu lipande vidole viwili. Eli nzuri ya dhahabu ina rangi kati ya majani makavu na asali changa. Povu lake ni jeupe, la mapovu madogo madogo, na kila funda likipita huacha utepe mwembamba kwenye kioo. Povu likizimika papo hapo kama soda, ama bilauri ina sabuni, ama mpishi ana kesi ya kujibu.

Kisha pua. Kinachotafutwa ni mkate mbichi, biskuti, mara nyingine ganda la chungwa au pera lililoiva, na majani ya hopsi kwa mbali. Harufu ya mahindi yaliyochemshwa kwenye kopo ni dosari: mchemko haukutosha, jambo ambalo mwinuko wa Kolwezi unaweza kulisababisha kwa urahisi. Harufu ya siagi ni dosari nyingine. Bia iliondolewa kwenye hamira kabla ya wakati wake. Harufu ya yai bovu hutokana na salfa, na hapa historia inatabasamu kidogo, kwa sababu shaba huikamata salfa na kuiondoa. Ndiyo moja ya sababu wapishi wa zamani wa Ulaya walipenda vyungu vya shaba, na Ubelgiji, ambako shaba ya eneo hili la Katanga ilikwenda kusafishwa kwa miongo mingi, ilikuwa na vyungu hivyo kila mkoa.

Funda la kwanza halitoshi kuhukumu. Linaosha kinywa tu. La pili ndilo lenye habari. Utamu wa kimea unatangulia, mdogo, kisha uchungu unakuja nyuma ya ulimi na kuondoka bila kukwaruza. Mwili wa bia ni mwepesi, gesi yake ya wastani, na kinywa kinabaki kikavu kiasi cha kutaka chakula. Nacho chakula kipo. Ndakala waliokaangwa hadi wakalia, na pilipili pembeni, wanapatana na bia hii vizuri kuliko na Tembo, ambayo utamu wake hugombana na chumvi ya samaki. Michopo ya mbuzi, kinyume chake, ibaki na Tembo. Kwa bukari (ugali) na sombe (kisamvu), bia ya dhahabu inasafisha mafuta ya mawese bila kushindana nayo. Hizi ni hukumu za ulimi, na mwenye ulimi mwingine anaruhusiwa kukata rufaa.

Kuna kisa kimoja kuhusu povu ambacho kila mnywaji wa Lualaba angepaswa kukijua, maana kinakutanisha bia na madini ya hapa kwa namna ambayo haipendezi. Kuanzia Agosti 1965 hadi miezi ya mwanzo ya 1966, hospitali za mji wa Québec, Kanada, zilianza kupokea wanaume wenye mioyo iliyovimba, wakihema, nyuso zikiwa na rangi ya majivu. Walizidi 40, na wapatao 20 walikufa. Walikuwa walevi wa kutupwa, wanaokunywa lita kadhaa kwa siku huku wakila kidogo, lakini walevi wamekuwapo siku zote. Kwa nini hawa, na kwa nini sasa? Madaktari waligundua kwamba karibu wote walikunywa bia moja, Dow, iliyopendwa sana mjini humo.

Kilichokuwa kimebadilika ni povu. Sabuni mpya za viwandani zilizokuwa zikitumika kuoshea bilauri zilikuwa zikiua povu la bia, na wenye viwanda waligundua kwamba chumvi kidogo ya kobalti hulifanya lisimame. Kiwanda cha Dow cha Québec kilikuwa kimeanza kuitia katikati ya mwaka 1965. Kwa mnywaji wa kawaida, kiasi hicho hakikuonyesha madhara. Kwa mtu anayekunywa kutwa nzima, mwenye mwili uliopungukiwa na protini na vitamini, kilielemea moyo. Kobalti ilipoondolewa, wagonjwa wapya walikoma. Dow ilimwaga bia yake yote, na jina lake halikupona tena. Visa vya namna hiyo vilionekana pia Omaha, Marekani, na Leuven, Ubelgiji, na mwaka 1966 Marekani ilipiga marufuku kobalti ndani ya bia.

Katika miaka hiyo, kama leo, Katanga ndiyo iliyoongoza duniani kwa kobalti. Uchungu haupo tu kwenye vifo. Upo kwenye sababu: watu walikufa kwa ajili ya urembo wa juu ya bilauri. Povu la kweli hutokana na protini za nafaka na uchungu wa hopsi, na likikosekana, tiba ni kupika vizuri zaidi na kusuuza bilauri. Kiwanda kidogo cha Kolwezi kingekuwa na faida moja kubwa hapa. Mpishi wake anajulikana kwa sura. Akiulizwa ndani ya chupa mna nini, hana makao makuu ya kujificha nyuma yake.

Swali ambalo wanywaji wangemwuliza kwanza, na wana haki, ni la maji. Kiwanda kidogo hutumia lita 5 hadi 7 za maji, mara nyingi zaidi, kupata lita moja ya bia, na bia yenyewe zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji. Katika mji uliozungukwa na mashimo ya migodi, ambako uchimbaji umeingia hadi uani mwa nyumba za mtaa wa Kasulo, huwezi kuchota kisimani ukawasha moto. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven na Ghent walichapisha katika jarida la Nature Sustainability vipimo vya wakazi wa Kasulo: kobalti katika mkojo na damu yao ilikuwa juu sana kuliko ya watu wa mtaa jirani usio na uchimbaji, na watoto ndio walioathirika zaidi. Baada ya hapo, kiwanda chochote cha kinywaji kisichobandika vipimo vyake vya maji ukutani, mahali ambapo mteja anaweza kuvisoma akiwa na bilauri mkononi, hakistahili mteja.

Hata maji safi ya huku yana tabia yake. Sehemu kubwa ya ukanda wa shaba imekaa juu ya miamba ya dolomiti, na maji yanayopita humo huchukua kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti. Maji magumu ya namna hiyo ndiyo yaliyoifanya miji ya Dublin na Munich iwe maarufu kwa bia nyeusi, kwa kuwa kimea kilichokaangwa kina asidi ya kuyatuliza. Kimea cheupe hakina. Ukipika bia ya dhahabu kwa maji hayo bila kuyatengeneza, utakamua uchungu mkali kutoka kwenye maganda ya shayiri na kupata kitu kinachokwangua koo. Kwa hiyo maji huchemshwa kwanza, chokaa ikatuama, au huongezwa asidi kidogo ya chakula. Wajerumani, ambao sheria yao ya bia huwazuia kutumia asidi ya dukani, huacha sehemu ya kimea ichachuke yenyewe, kisha wakaichanganya.

Na ufundi wa kuchachusha nafaka kwa kipimo haukosekani Lualaba. Umo kwenye ndoo za munkoyo.

Akina mama wa Katanga, kama wenzao wa Zambia ng'ambo ya mpaka, hupika uji wa mahindi kwa saa kadhaa, wakauacha upoe, kisha wakatia mizizi ya porini iliyopondwa, ile ile inayoitwa munkoyo. Hapo hutokea jambo ambalo mtu asiyelitazamia atadhani ni mazingaombwe. Uji mzito, uliokuwa ukishikilia mwiko, hulainika na kuwa maji maji, kisha hugeuka mtamu. Mizizi ina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, kazi ile ile inayofanywa na kimea cha shayiri katika kiwanda cha Plzeň. Kesho yake kinywaji kimeanza uchachu. Keshokutwa kina mapovu na kinang'ata kidogo. Watoto hukinywa siku ya kwanza, wazee hukisubiri. Rangi yake ni ya maziwa yaliyoingia manjano, harufu yake ni ya mahindi na udongo mkavu, na kilevi chake ni kidogo mno.

Weka kinywaji hicho mbele ya mwonjaji wa eli nyepesi, asiambiwe ni nini, na orodha yake ya sifa itakaribia kuwa ile ile: kichanga, cha nafaka, chenye uchachu mdogo unaoamsha kinywa, kisicholewesha haraka. Ulimi wa Kolwezi umeshafundishwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha ndoo ya mama na pipa la chuma, na pengine kinachozuia zaidi ni dharau. Munkoyo huonwa kuwa kinywaji cha sokoni na cha vilioni, cha wasio na pesa ya chupa. Lutuku, pombe kali ya kukenekwa inayotokana na mahindi na muhogo, ni habari nyingine. Hiyo hunywewa kwa haraka ya kusahau, na haina cha kuifundisha bia ya dhahabu isipokuwa umuhimu wa kuwapa watu njia mbadala.

Pesa, basi. Shayiri na hopsi zitatoka nje, na gharama ya kuzifikisha Kolwezi itauma. Lakini hakuna amri inayosema kimea kiwe asilimia 100. Robo au theluthi ya mahindi, au mtama, hupunguza gharama na kuifanya bia iwe nyepesi zaidi mwilini. Ni mbinu ya kawaida hata kwa viwanda vikubwa. Uganda ilianza njia hiyo mwaka 2002, Nile Breweries ilipotoa Eagle Lager ya mtama. Kenya ikafuata mwaka 2004 kwa bia ya Senator, iliyouzwa kwa kegi na kupewa nafuu ya ushuru ili kuwavuta watu kutoka kwenye chang'aa, na baadaye mtama wa wakulima wa nchini ukawa nafaka yake. Kisha mwaka 2013 serikali ikapunguza nafuu hiyo, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka na wakulima wakabaki na magunia, hadi nafuu iliporejeshwa mwaka 2015. Funzo kwa wakuu wa mkoa wa Lualaba na kwa Kinshasa ni jepesi kuliona: ushuru wa bia ya nafaka ya nchini unagusa shamba kabla ya kugusa baa.

Viwanda vidogo vyenyewe si ndoto tena katika ukanda huu. Nairobi ina 254 Brewing Company, Kampala ina Banange, Dar es Salaam ina Crafty Dee's. Kigali ilipata Kweza, kiwanda kilichoanzishwa na wanawake, katika nchi ambako upishi wa pombe ya asili ulikuwa kazi ya wanawake kabla haujawa kazi ya mashine. Vyote vimelazimika kujibu swali lile lile la bei. Vingi vimejibu kwa kuwaelekea wenye kipato, katika mitaa ya wageni na ya maofisini, na Kolwezi ina kishawishi hicho hicho, tena kikubwa: mamia ya mainjinia wanaolipwa kwa dola.

Kishawishi hicho kikatae. Chupa ni gharama, na mfumo wa kurudisha chupa tupu na kreti uko mikononi mwa wakubwa. Kiwanda kidogo kiuze kwa bomba, kutoka kwenye pipa, kwa bilauri ya robo lita. Anayeonja mara ya kwanza hahitaji kununua chupa kubwa ili kujua kwamba hakuipenda. Bia ya asilimia 4 haimwachi mtu salama kwa sababu tu ni nyepesi, na kwenye lango la mgodi kipima pumzi hakiulizi ilikuwa ya rangi gani. Kipimo kidogo kinamsaidia mfanyakazi wa zamu kujua ameishia wapi. Kwa mwumini asiyegusa kileo, bomba la pili litoe munkoyo wa siku ya kwanza, mtamu, wa baridi, uliopikwa na mama anayelipwa mshahara na si kwa ndoo.

Mpishi wa kwanza aanze mwezi Mei, mvua zikiwa zimekatika na usiku ukianza kupoa, kwa pipa moja la lita 500, ambalo litahitaji kimea na mahindi ya kilo 100 hivi. Apike bia moja tu mwaka mzima, aipike tena na tena hadi ifanane na yenyewe. Wapishi wapya hupenda kutoa aina sita, na zote sita zikawa na harufu ya siagi. Majaji wa mpiko wa kwanza wawe wauza munkoyo wa soko la Kolwezi, ambao hutambua kinywaji kilichochacha vibaya kabla hakijafika mdomoni. Mkurugenzi wa mgodi ataonja wa pili. Na bei iandikwe kwa faranga.